Wake Wenza Kumi na Mmoja

Fusae aliwaita wake wenza. Samaki wa mumewe walikuwa kumi na mmoja, wote koi, samaki wa urembo, wanene kama mapaja ya mtu, weupe kwa wekundu, na wengine weusi wenye madoa kama waliorushiwa rangi. Walikaa kwenye bwawa nyuma ya nyumba, huko milimani Niigata nchini Japani, na kila asubuhi Tokuji alipoamka aliwasalimia wao kwanza, kisha ndipo akamkumbuka aliyelala naye.

"Mimi na hao tunaheshimiana kwa mbali," Fusae aliwaambia majirani. Alikuwa amepika katika jiko la shule kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu aliapa kwamba hataosha wala kulisha kitu chochote kisichoweza kusema ahsante.

Mwezi wa Oktoba, majani yalipoanza kupukutika, Tokuji alipanda ngazi afunge wavu juu ya bwawa ili majani yasiingie majini yakaoza. Mzee huyu alikuwa ameendesha tingatinga la kusukuma theluji barabarani maisha yake yote bila hata kuchubuka. Siku hiyo mguu mmoja wa ngazi ulizama kwenye matope, naye akatua kwenye mawe ya ukingoni na kuvunjika nyonga. Walipokuwa wanampakia kwenye gari la wagonjwa, alimshika mkewe mkono, akauvuta karibu. Fusae akainama, moyo umelainika.

"Mama Chinatsu," alinong'ona, "wavu haujafungwa upande wa kaskazini."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ila daktari alisema mazoezi ya kutembea yatachukua miezi, na kwamba pengine atarudi nyumbani theluji ikianza kuyeyuka. Hivyo ndivyo Fusae alivyowarithi wake wenza wote kwa mkupuo.

Simu ilikuwa inaingia kila asubuhi saa nne, Tokuji akishamaliza mazoezi.

"Maji digrii ngapi?"

"Mimi sijambo, baba Chinatsu. Ahsante kwa kuniuliza."

"Najua hujambo, si nakusikia. Maji?"

"Kumi na tatu."

"Basi chakula wape kidogo, mara moja, saa sita mchana jua likiwepo. Yakishuka chini ya kumi, unaacha kabisa. Hata punje moja usitie mpaka nikwambie."

"Mpaka lini?"

"Mwezi wa nne."

Fusae alidhani hakusikia vizuri. "Miezi mitano bila kula?"

"Mitano. Wamezoea."

Alikata simu akabaki amekaa. Mtu aliyewapakulia watoto mia mbili kila siku, akawa anajua nani hapendi karoti na nani anataka supu ya pili, unamwambia asimamie njaa ya miezi mitano? Siku kipimajoto kilipoonyesha tisa, alitoka mikono mitupu aende kuwaeleza uso kwa uso. Samaki walikuja wote ukingoni, vinywa kumi na kimoja vikafunguka kwa pamoja, na Fusae akarudi jikoni kuchukua kiazi kitamu kilichochemshwa.

"Kidogo tu," aliwaambia. "Na tusimwambie mtu."

Kesho yake kikawa kidogo tena, na kesho kutwa kukawa na wali. Mumewe alipopiga simu aliambiwa hawajala kitu. Ajabu ni kwamba kwa wiki hizo mbili Fusae alianza kuwajua. Kulikuwa na mweusi mmoja mlafi aliyewapanda wenzake mgongoni. Kulikuwa na mwembamba mwoga aliyesubiri mpaka wengine waondoke. Na kulikuwa na kipenzi cha Tokuji, mweupe pee mwenye duara moja jekundu kichwani, aliyeitwa Bi Harusi. Huyo alikula kwa adabu, akitafuna kama mgeni kwenye nyumba ya watu wakubwa.

Asubuhi moja katikati ya Novemba Bi Harusi hakuja. Fusae alimkuta chini ya bomba la maji ya chemchemi, amelala ubavu, tumbo limevimba, anahema kwa shida. Kumwambia Tokuji hakukuwezekana, maana angetoroka hospitali na magongo yake. Mtu mwingine anayejua koi alikuwa mmoja tu hapo karibu, Gensaku, ng'ambo ya shamba la figili. Na Gensaku na Tokuji walikuwa hawasemeshani mwaka wa sita.

Ilianzia kwenye maonyesho ya samaki ya kijijini. Gensaku alileta koi wake mwekundu aliyekuwa anamtegemea kwa ushindi, na Tokuji, mbele ya waamuzi, akasema rangi ile inamkumbusha sosi ya nyanya iliyomwagika kwenye sahani. Gensaku akajibu kwamba samaki wa Tokuji anaogelea kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Tangu hapo kila mmoja alisukuma theluji yake upande wake, wakaona inatosha.

Fusae alimkuta mzee huyo juu ya kigoda, anatundika figili kwenye upenu zikauke.

"Shemeji," alisema bila kugeuka. "Bwana amekutuma uje unitukane, au umejituma mwenyewe?"

"Hajui kama nimekuja. Bi Harusi anaumwa."

Gensaku akashuka. Hakuuliza jingine. Alivaa viatu vya mpira, akatangulia yeye mbele kupita shambani, na alipofika bwawani akachuchumaa muda mrefu.

"Umewalisha nini?"

"Sijawalisha."

"Shemeji."

"Viazi vitamu. Kidogo."

"Viazi tu?"

"Na wali," Fusae alisema, anatazama viatu vyake. "Na juzi kulikuwa na tambi zilizobaki."

Gensaku alijipangusa uso kwa kiganja. Fusae alikuwa tayari kufokewa, lakini mzee alizungumza taratibu. "Maji yakipoa hivi, tumbo la koi linalala. Ukitia kitu kinakaa humohumo mpaka kioze. Hawa hawakuwa na njaa. Wameona mtu, wamekuja kukuamkia."

"Wangefunga midomo basi, nikaelewa," Fusae alisema, akajifuta macho kwa mkono wa nguo.

"Usilie. Mna bafu kubwa?"

Bafu lao la kujaza maji lilikuwa la kutosha. Walichota maji ya bwawani kwa ndoo, safari baada ya safari, mpaka likajaa nusu na mikono ya Fusae ikawa haina hisia. Gensaku akamwaga humo kilo nzima ya chumvi ya mawe, ile Fusae aliyoiweka kwa ajili ya kuchachulia kabichi, akatumbukiza mpira wa pampu ndogo ya hewa. Bi Harusi akabebwa kwa shuka lililolowa, akawekwa ndani. Hita ikawashwa chumbani humo kwa kiwango cha chini kabisa, ili maji yapande joto polepole, siku kwa siku. Tumbo likipata joto litaamka lenyewe.

Ikawa Fusae anakwenda kuoga kwenye bafu la umma la maji ya moto, kila jioni, na beseni lake kwapani.

"Kwenu bafu limeharibika?" wanawake walimwuliza.

"Lina mgeni," alijibu, akajisugua mgongo.

Gensaku alikuja asubuhi na alasiri kumwangalia mgonjwa, na kwa kuwa huwezi kumwacha mtu akasimama bafuni bila chai, alipewa chai. Kwenye chai ndipo Fusae alipogundua kwamba tangu mkewe afariki mzee huyu alikuwa anaishi kwa tambi za kopo za kumwagia maji moto. Hilo lilimuudhi kuliko habari yoyote aliyoisikia mwaka huo. Siku ya pili kulikuwa na supu ya miso, soya iliyochachushwa, na samaki wa kuoka, wa baharini kwa heshima ya aliyekuwa bafuni. Siku ya tatu akaongeza maboga. Gensaku alikula, akasukuma bakuli mbele, likajazwa tena. Hatimaye Fusae alikuwa amepata kinywa kinachoruhusiwa kulishwa.

Siku ya sita, Fusae akiwa anakata vitunguu, sauti ilitoka bafuni, ya taratibu, yenye uzito wa mtu anayetangaza mtoto amezaliwa.

"Shemeji. Amekwenda choo."

Fusae alikimbia na kisu mkononi. Walisimama wawili hao kando ya bafu, wanatazama uchafu wa samaki kama watu wanaotazama mandhari. Mchana huo walikula keki za maharage matamu.

Hita ikazimwa, maji yakaachwa yapoe polepole hadi yalingane na ya bwawani, na Bi Harusi akarudishwa kwa wenzake. Alizama chini, akajipanga nao sakafuni, wote wametulia kama viatu mlangoni. Fusae hakutia tena hata punje. Alikuwa anakwenda tu kuwaona.

Kabla ya theluji Gensaku alimwonyesha kulaza miti juu ya bwawa na kuezeka mabati ya plastiki kwa mteremko ili theluji iteleze, wakaacha wazi pale maji ya chemchemi yanapodondokea. "Pakiganda usigonge kwa nyundo," alimwambia. "Kelele ndani ya maji inawapiga kichwani. Na theluji ya paa isiangukie humu, itawaua kwa baridi."

Theluji ya kwanza ilianguka usiku wa kumi na nane Desemba, na asubuhi ilikuwa imefika kifuani. Fusae alichimba njia mpaka bwawani. Alipofika akasikia kimya. Bomba lilikuwa halidondoshi.

Chemchemi iko juu, nyuma ya mierezi, mwendo wa dakika kumi wakati wa kiangazi. Gensaku alikuja ameshika kiuno. Mgongo wake ulikuwa umekataa kazi.

"Nenda wewe, shemeji. Mimi nitakuelekeza kutoka hapa."

"Utanielekeza vipi, hata mimi mwenyewe hutaniona?"

"Nitapaza sauti."

Fusae alivaa viatu vya theluji vya Tokuji, akabeba chupa mbili za maji moto na taulo begani, akapanda. Alizama mara tatu. Chini Gensaku alikuwa anapaza sauti, kushoto, kushoto tena, na Fusae, aliyeifahamu njia hiyo tangu alipoolewa, alikwenda kulia. Alikuta mdomo wa bomba umezibwa na donge la barafu na majani. Akalizungushia taulo, akamimina maji moto kidogokidogo kama anayepika mchuzi, mpaka donge likachomoka na maji yakaruka yakamlowesha mpaka shingoni. Akakaa hapohapo kwenye theluji, akacheka peke yake, mwanamke wa miaka sitini na sita.

Saa nne simu ikalia.

"Naambiwa mmepata theluji kubwa. Maji yanadondoka?"

"Yanadondoka vizuri sana," Fusae alisema, miguu yake iko chini ya meza fupi yenye hita ndani na blanketi juu, na ng'ambo ya meza Gensaku akapaliwa na chai.

"Nani anakohoa?"

"Redio."

"Redio ina kikohozi cha Gensaku?"

Fusae akaona hakuna njia. Akamweleza yote, viazi, wali, tambi, tumbo, bafu.

"Ndani ya bafu letu," Tokuji alisema.

"Ndani ya bafu letu."

"Chumvi mlitia kiasi gani?"

"Kilo moja, kwa nusu bafu."

"Ndiyo kipimo chake," Tokuji alisema, akaaga.

Mwaka mpya Tokuji alipewa ruhusa ya kutoka hospitali siku tatu. Siku aliyofika, Gensaku hakuonekana. Fusae alimfuata kwake, akamkuta amekaa kati ya maboksi. Binti yake, Mitsuyo, alikuwa anataka ahamie kwake mjini Saitama baridi ikiisha. Samaki wa mabwawa yake alikuwa amekwisha kuwagawia watu. Amebaki samaki mmoja.

"Yule mwekundu," alisema. "Kwa Mitsuyo ni ghorofa ya saba, shemeji. Hata kobe hawaruhusu. Nilitaka nikuombe wewe, lakini bwawa lina mwenyewe."

"Basi njoo umwombe mwenyewe."

Alikuja na chupa ya pombe ya mchele, akamkuta Tokuji kwenye ukingo wa bwawa, na magongo yake, anachungulia pale palipo wazi. Fusae alibaki mlangoni, maana alitaka kusikia na hakutaka kuonekana.

"Umeezeka chini mno," Tokuji alisema bila salamu.

"Ukiezeka juu upepo unabeba. Hujui upepo wa huku?"

"Nimezaliwa huku."

"Ndiyo nashangaa."

Kisha Gensaku akasema habari ya Saitama na samaki wake, kwa maneno machache, anatazama maji. Tokuji alihamisha uzito kutoka gongo moja hadi jingine.

"Utampa nani mwingine zaidi yangu," alisema. "Watamharibu. Lakini si leo. Samaki hahamishwi katikati ya baridi."

"Nani amesema leo?"

"Nakukumbusha."

"Nilikuwa nafuga koi wewe bado unaogopa maji."

Sauti zao zilipanda na kushuka mpaka wali ukaiva, na Fusae alipowaita ndani walikuja wanabishana kuhusu chujio, bega kwa bega, mmoja anachechemea nyonga, mwenzake mgongo.

Katikati ya Aprili maji yalifika kumi na mbili, na yule mwekundu akahamishwa kwa ndoo mbili na kelele nyingi. Jumapili iliyofuata Mitsuyo alikuja na gari. Fusae aliweka kikapu cha chakula kwenye kiti cha nyuma, na Tokuji, sasa kwa fimbo moja tu, alimsindikiza rafiki yake mpaka barabarani. Hawakuagana kwa maneno ya maana. Gari likaondoka.

"Amesema atarudi lini?" Tokuji aliuliza.

"Mwezi wa nane. Kuzuru kaburi la mkewe."

"Alale kwetu."

"Nilishamwambia," Fusae alisema, wakageuka, wakaanza kupanda taratibu kuelekea nyumbani.