Fuwele ya Tano

Shadiah alishuka kwenye basi Malukhu, mjini Mbale, saa mbili asubuhi ya Alhamisi, amekumbatia mtungi wa nitrojeni, na kabla hajavuka barabara wauza chapati walishaanza kumtania. Leo umetuletea mbegu za fahali gani, daktari? Kila wiki swali ni hilohilo, maana mitungi ya namna ile Mbale nzima wanayo wapandishaji ng'ombe tu. Na kweli, huo aliuazima kwa mpandishaji ng'ombe, mzee Geresom wa kwao Jinja, ambaye ndiye aliyemjazia ile nitrojeni ya baridi kali. Siku nyingine angewajibu mpaka wacheke. Leo alipita kana kwamba hawaoni.

Ndani ya mtungi kulikuwa na fuwele moja, ndogo kuliko chembe ya sukari. Ilikuwa ya tano, na ya mwisho. Kwa miaka miwili alikuwa anahangaika na protini ya mnyoo wa kichocho, huyohuyo anayewajaza watu wa Masese, kule ziwani Jinja, maji tumboni. Protini ikikubali kuwa fuwele, unaipiga miale ya eksirei, inatoa nukta. Katika nukta unasoma umbo lake, na ukishajua umbo unajua dawa iishike wapi. Fuwele nne zilishapigwa. Nukta zilitoka nzuri, zimejipanga, lakini kompyuta ilikataa kuzisoma. Na fuwele ikishapigwa imeungua, haina kazi tena. Kesho saa nne kamati ya utafiti ingekaa Jinja, na mwenyekiti alishamwambia peupe kwamba bila data inayosomeka, kazi inafungwa.

Basi mtu ana fuwele moja na siku moja, atatulia wapi? Alipoingia maabara alikaa, akasimama. Akaweka kikombe chake cha chai mezani, hakukinywa. Akafungua mtungi, akachovya kijiti kupima. Nitrojeni ilikuwa vidole vitatu. Baada ya dakika kumi akapima tena, kama vile kupima kunaongeza.

Mwendesha mashine ya eksirei pale maabara aliitwa Jude, mtu wa kaskazini, mstaafu wa jeshi aliyetunza ghala la silaha miaka kumi na tisa. Mtu wa maneno machache, meza yake safi. Shadiah hakumpenda, na tusidanganyane, sababu haikuwa mashine. Shadiah ni Mnubi wa Nalufenya. Babu yake alivaa magwanda ya jeshi, na serikali aliyoitumikia ilipoanguka wakaja wenye magwanda wengine, watu wa kaskazini, wakamtoa nyumbani mbele ya wanawe. Hakurudi. Kiswahili cha Jude kilikuwa cha gwaride, na kila akikisikia Shadiah aligeuza uso. Miezi miwili anakuja maabara hii, maneno yake kwa Jude hayakuzidi habari afande na asante afande, na hilo neno afande alilitoa kwa pembe ya mdomo.

Ila leo alikuwa amekuja na kitu kingine, kisahani chenye fuwele za protini ya yai. Kila anayefundisha kazi hii atakwambia, kabla hujailaumu fuwele yako, ijaribu mashine kwa yai, kwa sababu umbo la protini ya yai dunia nzima inalijua. Shadiah aliambiwa hivyo mara ngapi? Akaona ni mambo ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ilibidi aunguze nne ndipo kiburi kishuke.

Jude aliipachika fuwele ya yai kwenye mashine, akaipiga. Nukta zikatoka safu kwa safu, za kupendeza. Kompyuta ikazikataa.

Shadiah akaisoma skrini mara mbili. Kama hata yai halisomeki, basi ubovu uko kwenye mashine. Fuwele zake hazikuwa na kosa lolote. Akamgeukia Jude, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akamuuliza swali. Mashine hii iliguswa lini?

Mwezi wa tatu, Jude akajibu. Ile sahani ya kunasia nukta ilitolewa ikasafishwa, ikarudishwa, lakini haikukaa palepale. Ilisogea milimita mbili kushoto.

Shadiah akaelewa papo hapo. Kompyuta huhesabu nukta zote kuanzia pale mwali unapogonga katikati ya sahani. Ukiipa katikati ya uongo, hesabu nzima inakwenda kombo, sawa na mtu anayetafuta nyumba ya kumi akianza kuhesabu kwenye kona isiyo yake.

"Umejuaje ni mbili?"

"Mimi nilipima. Niliandika."

Jude akanyoosha mkono, akakisogeza kikombe cha Shadiah taratibu, akachukua daftari lililokuwa chini yake. Tarehe, kipimo cha zamani, kipimo kipya, vyote kwa mwandiko wa kunyooka. Safu ya saini ilikuwa tupu. Daktari Benedicto, mkuu wa maabara, alikuwa ameondoka kwenda masomoni wiki hiyohiyo, na Jude akawa anangoja saini kabla ya kuingiza namba kwenye kompyuta. Ghalani, alieleza, rafiki yake alitoa bunduki moja tu bila saini, akala miaka minne gerezani. Tangu hapo Jude hagusi kitu ambacho hakuna aliyekikubali kwa mkono wake.

Miezi mitano! Shadiah alitaka kupiga kelele, alitaka kulirusha lile daftari dirishani.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, dada. Wewe unasema asante, unaenda." Jude hakupandisha sauti. "Kila ukija naweka kitabu hapo mbele yako. Mwenye kazi naye anaweza kusaini."

Shadiah alilitazama lile daftari. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayowasha masikio. Akachukua kalamu akasaini, na Jude akaingiza namba. Walipozisoma upya zile picha za yai, kompyuta haikusita hata kidogo.

Jude akasema basi hakuna haja ya kuhatarisha fuwele ya tano, wasome tu upya picha za zile nne.

"Nilizifuta," Shadiah alisema. "Juzi. Kwa hasira."

Jude alimtazama, akaangalia chini. Hilo lilimuuma Shadiah kuliko kama angegombezwa. Akapima nitrojeni, vidole viwili. Fuwele ikikaa hewani sekunde chache imeharibika, na leo hakuiamini mikono yake.

"Kaka Jude," alisema, "nipachikie wewe."

Yule mzee wa ghala akavaa glavu, akaitoa fuwele kwenye mtungi na kuitia kwenye mashine kabla Shadiah hajamaliza kuvuta pumzi. Picha mia tatu na sitini, saa mbili nzima. Shadiah alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani mpaka Jude akamwambia kwa upole kwamba sakafu itatoboka. Saa saba na robo picha ya mwisho ikaingia. Wakaiamuru kompyuta isome.

Ikasoma. Nukta tisini na sita katika kila mia, zimepata mahali pake.

Shadiah aliketi, akalia bila kujificha, furaha na uchungu pamoja, kwa sababu sasa alijua kwamba zile nne zilikuwa nzima, na ya kwanza ilikuwa kubwa mara tatu ya hii. Jude akampa daftari aandike matokeo. Alipolifunga ndipo akaliona jalada. Lilikuwa na alama za mviringo za chai, moja juu ya nyingine, za miezi miwili, zote za kikombe chake. Akalowesha ncha ya ushungi wake kwa mate akaanza kusugua. Hazikutoka.