Jiwe Lililokaa Chumbani

Mtu akikwambia kwamba Mwanza watu wamejenga juu ya mawe, mkubalie, ila mwongezee kwamba mawe mengine yamehamia ndani. Nyumba ya Shimba na mkewe Ng'washi, pale Kitangiri, ilikuwa na lake. Lilishika nusu ya chumba cha pembeni, likapenya ukutani na kutokeza nje, kwenye njia ya kwenda bombani. Walipokuwa wakijenga, fundi alilipiga teke, akaumia kidole, akaamua kulizungushia ukuta na kwenda zake.

Sasa Shimba alitaka liondoke.

"Jumamosi Chenge anakuja kulichoma," alisema wakati wa kula, kama mtu anayetangaza bei ya sangara. "Tunang'oa mabati, anapanga matairi, anawasha, linapasuka. Kokoto tunauza. Chumba kinakuwa duka, tunatoboa dirisha upande wa njiani. Baba naye nimemwita kutoka Misungwi, aje ashuhudie."

Ng'washi alinawa mkono kabla hajashiba.

Usimlaumu sana Shimba. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Kibarua chake cha udereva kwenye ushirika kilikuwa kimeota nyasi, na kila alipopita mtaani aliona majirani wametoboa kuta zao, wanauza sabuni, soda na mitumba. Mwanamume asiye na duka siku hizo alijiona yuko uchi. Lakini chumba alichokitaka hakikuwa kitupu, na hilo alilijua vizuri.

Kilikuwa maktaba. Watu walilicheka neno hilo, nawe cheka ukitaka. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Ng'washi kilipofungwa, wafanyakazi waliruhusiwa kujibebea masalia. Wenzake waligombea viti, mafeni na vipande vya vitenge. Yeye aliomba vitabu vya chumba cha kisomo cha watu wazima. Msimamizi akamwambia achukue, tena akamuuliza kama anakwenda kuwashia jiko. Ng'washi alivipandisha mlimani kichwani, furushi baada ya furushi, na mtaa mzima ukaanza kumwita mwalimu kwa dhihaka. Wakimwita, anaitika.

Jiwe lilikuwa na ngazi zake lenyewe, zilizochongwa na Mungu anajua nini, na juu ya ngazi hizo akavipanga. Masika ya kwanza yalimfundisha adabu: maji yalipenya kwenye ufa na kulowesha safu nzima ya chini, akalia siku ile kama aliyefiwa. Tangu hapo kila safu ikawekewa ubao chini na nailoni juu. Alishona mito akaijaza taka za pamba za kiwandani, akatandika mikeka. Mchana jua liliunguza jiwe kwa nje, na jioni, upepo wa ziwa unapoanza kusumbua watu, jiwe lilikuwa bado lina joto kwa ndani. Winnie, binti yao wa darasa la sita, aliegemeza mgongo hapo na kusoma mpaka aitwe mara ya tatu. Antoni, mdogo wake, aliegemea vilevile na kusinzia, kitabu usoni, naye hakufukuzwa.

"Duka liweke sebuleni," Ng'washi alisema. "Tayari pana mlango wa barabarani."

"Sebuleni!" Shimba alimtazama kama amemwambia auze mtoto. "Wageni watakaa wapi?"

Wageni wenyewe walikuja Krismasi, na pengine Pasaka. Siku nyingine zote makochi yalivaa vitambaa vyake vya kufuma na kukaa kimya, na kabati la vioo lilijaa bilauri ambazo hazikuwahi kuguswa na maji ya kunywa. Watoto walipita sebuleni kwa ncha za vidole.

"Nyumba hii ni yangu, mama Winnie."

"Yako, sawa, ingawa mchanga wake niliupandisha mimi. Lakini jiwe ulilikuta, baba Winnie. Hukulileta na hukulinunua. Hulichomi nikiwa hai."

Shimba alicheka, kicheko cha mtu ambaye baba yake yuko njiani.

Kuna jambo Ng'washi hakuwahi kumweleza. Alikulia kwenye boma la wafugaji, na jioni baba yake na kaka zake walikaa kwenye shikome, ule moto wa uani ambapo wazee huwasimulia vijana. Wasichana hawakukaa shikome. Walileta chakula, wakapiga magoti kunawisha watu mikono, wakarudi jikoni. Ng'washi alijifunza kunawisha polepole. Alimwaga maji tone kwa tone ili asikie zaidi, mpaka mtu amkaripie. Hivyo akakua akijua visa vingi sana, na vyote havikuwa na mwisho. Fisi alikuwa bado amesimama mlangoni. Binti wa mtemi alikuwa bado yuko ndani ya mtumbwi.

Ndipo akaja kufundishwa kusoma kiwandani, mtu mzima, mama wa mtoto, na siku moja wakati wa mapumziko akamaliza kitabu. Kidogo tu, kurasa zake chache na picha zake mbovu. Alifika ukurasa wa mwisho, mtu aliyepotea akafika kwao, na kisa kikaisha. Alilia mbele ya mashine yake, na wenzake wakadhani amepata habari za msiba. Hasira ndiyo ilimliza. Kumbe visa vilikuwa na mwisho siku zote, na wanaume wa shikome walikuwa wanaula peke yao.

Jumamosi, Shimba alipoteremka stendi kumpokea baba yake na kumpitia Chenge, Ng'washi alifunga khanga kiunoni.

"Winnie, shika upande huo. Antoni, toa vitambaa."

"Mama, baba atatuua," Winnie alisema.

"Ataniua mimi kwanza. Nyanyua."

Walibeba makochi yote, yakagonga fremu za milango na kuchubuka. Walibeba meza, wakabeba kabati la vioo huku bilauri zikilialia ndani, wakavipanga vyote kulizunguka jiwe. Chumba kilisongamana, lakini kikapendeza. Sebule ikabaki na sakafu na mwangwi wake. Ng'washi aliifagia, akaufungua mlango wa barabarani wazi kabisa, akaenda kukaa kwenye jiwe na watoto wake. Aliogopa, na hakuondoka.

Shimba alitangulia kuingia, nyuma yake baba yake, mzee Masele, akihema kwa ule mlima, na mwisho Chenge, mchoma mawe, akivingirisha tairi.

"Tumeibiwa!" Shimba alipiga kelele.

"Hatujaibiwa," sauti ya mkewe ilitoka chumba cha pembeni. "Hilo hapo duka lako, baba Winnie. Limefagiliwa. Wageni karibuni huku."

Walifika mlangoni wakasimama. Ng'washi alishuka, akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Mnakaa pangoni siku hizi?"

"Ndiyo sebule yetu, baba. Kaa, umechoka."

Mzee Masele hakuwa mtu wa hekima nyingi, na siku hiyo alichotaka ni kukalia kitu chochote. Alijitupa kwenye kochi lililoegemea jiwe. Jiwe lilikuwa limeanza kutoa joto lake, na mgongo wake, uliosukwasukwa na lori tangu asubuhi, ulilipokea. Akafumba macho.

"Baba, inabidi utoke," Shimba alinong'ona. "Chenge anataka kuanza."

"Aanze," mzee alisema bila kufumbua macho. "Mimi hapa sitoki."

Shimba akamgeukia Chenge. Chenge akalitazama jiwe, akamtazama mzee, akawatazama watoto na mama yao aliyerudi kukaa juu, mikono kifuani.

"Bwana, mimi nachoma mawe," alisema. "Watu sichomi. Siku mkielewana niiteni." Akageuza tairi lake, likateremka mlimani mbele yake.

Ungedhani imekwisha. Ng'washi naye alidhani.

"Endelea, mwanangu," alimwambia Winnie.

Winnie alisoma kwa sauti. Kilikuwa kisa cha binti aliyemfuata fisi hadi shimoni kudai ngoma ya marehemu mama yake. Shimba alisimama mlangoni, uso umemvimba. Antoni alikuwa amejilaza karibu na mlango, hana kazi. Binti wa kwenye kitabu ameshaingia shimoni, ameshayaona macho gizani, na mzee Masele akafumbua yake.

"We msichana," alisema. "Acha hayo. Niletee maji."

Winnie akanyamaza. Aliweka kidole kwenye mstari, akaanza kuinuka, kwa sababu ni babu na kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Ng'washi aliona goti la mwanawe likipinda, akasikia maji yakidondoka tone kwa tone kwenye mikono ya watu waliokufa zamani.

"Kaa chini, Winnie."

Hakuna mkamwana anayepitisha neno juu ya neno la baba mkwe wake, si Misungwi wala Kitangiri.

"Umesemaje?" mzee aliuliza.

"Nimesema akae, baba. Maji utapata, na chakula utapata, nakuheshimu kama baba yangu mzazi. Lakini huyu hainuki kabla hajafika mwisho. Mimi niliinuliwa kila siku. Kila siku, baba! Mpaka leo sijui fisi wa shikome aliishia wapi." Akalipiga jiwe kwa kiganja. "Mkitaka kumwinua, chomeni jiwe na mimi juu yake."

Mzee alimtazama mwanawe, akingoja mwanamume wa nyumba aseme neno. Ng'washi naye alimtazama. Shimba alilitazama kochi lake lililochubuka, halafu binti yake, ambaye kidole chake kilikuwa bado kwenye mstari.

Akavuka chumba. Akafungua kabati la vioo, akatoa bilauri moja, akaipuliza vumbi. Akatoka kwenda mtungini. Aliporudi, alimpa baba yake maji kwa mikono miwili, akapiga goti, kama alivyoona wasichana wakifanya.

"Kunywa, baba," alisema. "Mtoto anasoma."

Mzee Masele aliguna, akanywa. Shimba akatafuta mahali, akakosa, akakaa mkekani pembeni ya Antoni.

Winnie akasoma mpaka mwisho.