Fidia ya Mwarandu

Cheche za gari la moshi ziliiteketeza nyumba ya Mwarandu kando ya reli, pale Magongo, pamoja na kitanda alichoachiwa na marehemu mkewe. Akaenda ofisini kudai fidia. Wakubwa, ambao mvua haiwanyeshei, wakamwambia angoje mkaguzi. Majirani hawakungoja. Walikuja na makuti na kibuyu cha tembo, kama ilivyo ada, wakamjengea nyingine.

Mkaguzi alipofika, alicheka. "Mzee, hapa kimeungua nini?"

"Mmekawia nyinyi! Mlitaka nilale mvuani niwalindie majivu?"

Mara gari likapita likitema moto. Cheche ikatua juu ya paa jipya, makuti yakaanza kufuka. Mkaguzi akaurukia mtungi wa maji.

Mwarandu akamshika mkono. "Tulia, bwana. Wewe kagua tu."