Pembe za Shemeji Clemens

Risasi ililia mara moja tu, na tandala akaanguka palepale aliposimama. Basil, aliyekuwa amelala kifudifudi hatua tatu nyuma ya shemeji yake, aliomba kimoyomoyo mnyama yule ainuke akimbie. Hakuinuka. Hapo Basil alijishtukia, akaona haya, kwa sababu alijua sala ile ilikuwa imetoka moyoni kabisa.

Basil alikuwa seremala wa Mjimwema, pale Njombe, mtu wa miaka hamsini na sita. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akikata leseni ya uwindaji kila msimu ulipofunguliwa. Aliwahi kuleta nyumbani nyati, pofu, na pala wasio na idadi, na mtaani walimwita Mzee wa Porini. Kitu kimoja tu kilimpiga chenga: tandala mkubwa dume, mwenye pembe ndefu zilizojisokota hadi ncha zikageuka nyeupe. Mara tatu alilipia leseni ya tandala, na mara tatu alirudi mikono mitupu. Na sasa Clemens, mume wa mdogo wake Flora, mwalimu wa Biolojia aliyerithi bunduki ya baba yake na kukaa nayo miaka miwili bila kuigusa, alikuwa amempata siku yake ya tatu porini.

"Shemeji!" Clemens alimgeukia. "Nimempiga kweli?"

"Umempiga," alisema Basil. "Usikimbie. Msubiri atulie."

Walipofika pale, askari wa wanyamapori aliyekuwa amefuatana nao alivua kofia. Alizipima pembe kwa shubiri mara mbili, akatikisa kichwa. "Mwalimu, wapo watu wanazeeka hawajaiona hii."

Basil alichomoa kisu akaanza kuchuna, maana mikono yake ilihitaji kazi.

Gari lilikuwa mbali, mwendo wa saa tatu kwa mguu, ng'ambo ya korongo ambalo halipitiki kwa tairi. Lilikuwa Hilux la Joackim, jirani yao, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaendesha. Joackim alikwenda kijijini akarudi na wabebaji wawili, na nyama ikagawanywa katika magunia. Ukabaki mgawo wa kichwa na pembe zake. Basil alidhani Clemens atazibeba mwenyewe. Yeyote angezibeba mwenyewe.

"Shemeji, wewe ndiye mkubwa wetu," Clemens alisema, akiziinua kwa mikono miwili. "Bila wewe nisingelijua pori hili. Hizi ni heshima yako."

Ilitoka kwenye moyo mweupe, na ndiyo maana ilichoma. Basil alijitwika kichwa cha mnyama wa mtu mwingine. Njia nzima pembe zilinasa kwenye miiba, zikamvuta nyuma, zikamlazimisha kuinama na kuzunguka. Damu ilimchuruzikia shingoni. Mbele yake Clemens, na gunia la mbavu mgongoni, alikuwa akiimba wimbo wa kwaya ya parokia. Kila ubeti ulipoanza upya, Basil aliuma meno.

Kambini walikaa siku mbili kukausha nyama. Waliichana vipande virefu, wakaipaka chumvi, wakaitandaza kwenye kichanja juu ya moshi. Kichwa Basil alikichemsha ndani ya nusu pipa hadi pembe zikalegea, akazichomoa taratibu kwenye mifupa yake, akazisafisha kwa majivu. Angeweza kuzichemsha kupita kiasi zikachakaa, Clemens asingejua. Lakini mikono yake haikuzoea kufanya kazi vibaya. Zilipokauka zilimetameta kama mbao ya mninga iliyopigwa vanishi. Clemens alipolala usingizi wa mchana, Basil alizishika zote mbili akaziweka kwenye kichwa cha gogo, akarudi nyuma hatua tano kuzitazama. Alizitazama muda mrefu kuliko mwenye nazo alivyowahi kuzitazama.

Huko Chunya, mji wa karibu na pori lile, ofisi ya wanyamapori ilipima kwa utepe, ikagonga mihuri, ikatoa karatasi mbili: kibali cha kusafirisha nyama, na hati ya kumiliki nyara. Hati ile ilibeba jina la Clemens na urefu wa pembe. Afisa aliwaita wenzake wawili waje waone. Hakuna aliyeuliza pala ambaye Basil alimpiga safari hiyohiyo alikuwa na pembe za namna gani.

"Tunza wewe, shemeji," Clemens alisema, akimkabidhi karatasi. "Mimi napoteza hata chaki."

Basil alizitia kwenye mkoba wake.

Mtandao wa simu uliporudi, picha zilikwenda Njombe kabla yao. Simu ya Clemens haikunyamaza: walimu wenzake, katekista, wanafunzi wa zamani. Kisha ikaita ya Basil. Alikuwa Jane, mkewe.

"Baba Anold, tumeona picha! Jamani, shemeji ametutoa kimasomaso. Mpe hongera yake. Hivi wewe umepata nini?"

"Pala."

"Haya, si haba," alisema Jane, na Basil akasikia wanawake wakicheka nyuma yake. Walikuwa wanacheka jambo lao wenyewe, pengine mtoto, pengine kuku. Kwake kilikuwa kicheko cha pala.

Walisimama Igawa kunywa chai. Clemens na Joackim walikaa mezani na chapati zao. Basil alisema anakwenda kujisaidia, akachukua mkoba. Nyuma ya choo alitoa hati ya nyara, akaikunja mara nne, akafungua kamba za buti la kulia, akaisukuma chini ya unyayo. Alijiambia kwamba kwenye geti la ukaguzi barabarani watazichukua pembe tu, basi. Zitakwenda stoo ya serikali na hazitakuwa za mtu yeyote. Sehemu nyingine ya akili yake, ile iliyosoma masharti nyuma ya leseni kwa miaka kumi na minne, ilimwambia kinachompata mtu anayekutwa na nyara za serikali bila hati. Aliinyamazisha kwa kukaza kamba.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Hawakusema ufanye nini inapokuwakia usoni kutwa nzima.

Kizuizi cha ukaguzi kilikuwa kabla kidogo ya kuingia Makambako, foleni ya malori ikiwa ndefu na upepo ukipuliza baridi ya Agosti. Mkaguzi, mwanamke wa makamo aliyejifunga skafu juu ya sare, alifunua turubai. Kibali cha nyama alikisoma, akahesabu magunia, akaridhika. Kisha akagusa pembe.

"Hati ya hizi?"

Clemens alimtazama Basil. Basil alipekua mkoba. Alipekua mifuko yote, hata ile aliyojua ina tumbaku tu.

"Ilikuwemo," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu wake.

"Itafute vizuri, mzee."

"Ilikuwemo. Labda ilidondoka Igawa."

Mkaguzi aliita askari mwenye bunduki. Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba gari litabaki, nyama itabaki, na mwenye pembe atakwenda kituoni kwa mahojiano. Makosa ya aina hii, alisema, dhamana yake si jambo la kuamka asubuhi ukapewa.

"Pembe ni za nani?"

Basil alitegemea Clemens atababaika. Mwalimu wa darasani, hajawahi hata kushikwa na trafiki. Lakini Clemens alivua saa ya mkononi, akampa Joackim.

"Ni zangu peke yangu," alisema. "Leseni ni ya jina langu. Hawa wawili wamenisindikiza tu, mama. Tafadhali, huyu mzee ana presha, msimweke kwenye baridi. Aende nyumbani." Kisha kwa Basil, taratibu: "Shemeji, Flora usimwambie kwa simu. Mwambie ukifika, akiwa amekaa."

Pingu zilifungwa. Zilitoa mlio mdogo tu, kama komeo la kabati. Clemens alitembea kuelekea gari la polisi akiwa ameinamisha kichwa, na abiria wa basi lililosimama wakatoa simu madirishani kumpiga picha.

Basil alihisi karatasi chini ya unyayo wake, imelowa jasho. Alisema, "Subirini."

Hakuna aliyesikia. Alisema tena kwa nguvu, akakaa chini kwenye kokoto, mbele ya wote, akaanza kufungua buti. Kamba ilikuwa imekaza na vidole vilikufa ganzi. Mkaguzi, askari, Joackim, Clemens mwenye pingu, wote walisimama wakimtazama mzee mzima akihangaika na kiatu. Hatimaye lilitoka. Aliichomoa karatasi, akaikunjua, akainyoosha juu ya goti.

Mkaguzi aliipokea kwa ncha za vidole. Alisoma muhuri, akalinganisha namba. "Mzee, hati ya serikali mnaiweka kwenye buti?"

"Niliogopa isilowe."

Mbingu ilikuwa kavu. Mkaguzi aliitazama mbingu, kisha akamtazama Clemens, na alikuwa na busara ya kutosha kutouliza swali la pili. Pingu zilifunguliwa.

Waliikata njia ya Njombe. Misonobari ilipita, mashamba ya chai yakapita, ukungu ukaanza kushuka juu ya bonde. Karibu na Mtwango, Clemens alimwambia Joackim asimamishe gari. Hakushuka.

"Uliificha," alisema, akitazama mbele.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Basil alijaribu maneno kadhaa yenye heshima, yakamkwama. "Wivu," alisema. "Tangu ulipompiga. Sina sababu nyingine, shemeji. Ningekuwa nayo ningekupa."

Joackim alikohoa, akajifanya anafuta kioo. Clemens alikuwa akisugua kifundo cha mkono pale pingu zilipokaa.

"Mimi nilikupa ubebe kwa sababu nilikuona huna furaha," alisema. "Nilidhani utafurahi." Kisha akamwambia Joackim, "Twende."

Mjimwema walikuta ua umejaa. Flora alikuja mbio akipiga vigelegele, kanga begani, akawakumbatia wote watatu, akiwasalimu kwa Kibena. "Kamwene! Kamwene, kaka!" Majirani walizigusa pembe, watoto wakaziweka vichwani. Ulanzi, pombe ya mianzi, ukamiminwa. Kisha, kama ilivyokuwa desturi kila Basil alipotoka porini, mtu mmoja akapaza sauti: "Mzee wa Porini, tusimulie!"

Clemens alimtazama tu.

Basil alisimama, akasimulia. Alisimulia nyayo kwenye mchanga, upepo uliogeuka, Clemens alivyoshikilia pumzi. Alikuwa msimulizi mzuri na aliisimulia vizuri, na kila watu walipompigia makofi Clemens, roho ilimuuma upya, palepale, katikati ya sentensi. Hilo lilimtisha kuliko getini. Alikuwa amefikiri aibu imemponya.

"Na mbona mmechelewa hivyo?" Flora aliuliza akicheka. "Tumewangoja tangu saa nane."

Clemens alifungua mdomo. "Foleni ya..."

"Niliificha hati," Basil alisema. "Ili anyang'anywe pembe. Mume wako amefungwa pingu Makambako kwa ajili yangu."

Vikombe vilitulia. Jane, aliyekuwa amesimama na sinia la vitunguu, aliliweka chini. Flora alimgeukia Clemens, na uso wa Clemens ukamjibu.

Flora alikuwa mdogo wa mwisho. Basil ndiye aliyemlipia shule, ndiye aliyemkabidhi kanisani. Hakumpigia kelele. Alikwenda kwenye gunia, akatoa paja lililokuwa limetengwa kwa ajili ya Basil kama kaka wa mke, akampa Jane mikononi.

"Wifi, hii ni haki yenu, chukueni," alisema. "Kaka, nenda nyumbani."

Alikwenda. Paja lile Jane alilipika Jumapili, na Basil alikula ugali kwa maharage.

Zilipita wiki tano. Clemens alikuja karakana siku moja baada ya vipindi, akakaa kwenye mbao za kitanda ambacho hakijaunganishwa. Walizungumza habari za viazi, na za mvua ambayo haijaja. Kisha Clemens akasema, "Flora bado hataki kukuona. Mpe muda. Mimi nina swali moja limeninyima usingizi. Kule Igawa kulikuwa na majiko ya mkaa kila upande. Kwa nini hukuichoma?"

Basil aliweka randa chini. Hakuwa amejiuliza.

"Sikuweza," alisema. "Kusingebaki karatasi inayosema zilikuwa na urefu gani. Pembe kama zile, mlamu, haziwezi kukosa kuandikwa mahali."

Clemens alimkodolea macho. Kisha akacheka, kicheko kifupi, cha kukereka, akatikisa kichwa.

"Wewe ni mtu mbaya," alisema.

"Najua."

"Njoo Jumamosi. Flora atakuwa Ikonda kumwona mgonjwa, siku mbili. Njoo uzione. Nimezitundika sebuleni, na kusema kweli nimezitundika upogo."

Basil alikwenda Jumamosi. Alizinyoosha pale ukutani, akakaza misumari, akanywa chai aliyopikiwa na shemeji yake. Zilikuwa nzuri kuliko alivyozikumbuka, na wivu ulikuwepo bado, umekaa naye kwenye kochi lilelile. Alimaliza chai, akashukuru, akaaga kabla giza halijaingia.