Kaisari wa Mkongeni na Kamba ya Rumi

Usiku wa jana niliota nimechaguliwa kuwa Kaisari wa Rumi, na hakuna aliyejali kwamba nilikuwa nimejifunga shuka la mtoto lenye picha za dubu.

Shuka lile lina maelezo yake. Tangu Jumanne nalala kwenye kochi la sebuleni, na shuka pekee lililobaki nje ya chumba chetu ni la binti yetu Semeni, ambaye yuko bweni. Mke wangu hajanifukuza. Hajaniambia neno lolote, na hilo ndilo tatizo. Mimi ni mwenyekiti na kocha wa timu ya wanawake ya kuvuta kamba ya Mtaa wa Mkongeni, na leo jioni ni fainali ya Kombe la Mbuzi dhidi ya Mtaa wa Relini. Mama Semeni ndiye mtu wa mwisho kwenye kamba yetu, yule anayejifunga kamba kiunoni na kuchimba visigino ardhini wenzake wakianza kulegea. Amekuwa wa mwisho tangu timu ianzishwe.

Jumanne nilimwambia apumzike kidogo, yeye na wenzake wote, kwa sababu nimepata mamluki kutoka wilaya ya jirani. Ni wanawake wapakiaji wa mizigo, shingo nene, na kiongozi wao ni Bi Tabu, ambaye anabeba gunia la mahindi huku akiongea na simu.

Mama Semeni alisema, "Sawa."

Waliooa wananielewa.

Kabla ya kulala, ili nijione msomi badala ya mtu aliyehamia kochini, nilifungua kitabu kinachoeleza kwa nini nguvu za Warumi wa kale zilififia. Usingizi ulinichukua ukurasa wa tatu, kabla sababu ya kwanza haijatajwa.

Basi niko Rumi. Rumi ni baraza la ofisi yetu ya mtaa, ila nguzo zimekuwa za marumaru. Viti vya plastiki ni vilevile. Kichwani nina taji la mchicha ambao tayari umeanza kunyauka. Wazee wa Seneti wamejifunga mashuka meupe, na shuka langu ndilo pekee lenye dubu. Nalionea fahari.

Katibu ni bata bukini. Anasafisha koo.

"Ajenda ni moja," anasema. "Nguvu zinapungua. Mheshimiwa Kaisari atatueleza kwa nini."

"Nimefika ukurasa wa tatu tu," nasema.

"Waliokutangulia walifika wa kwanza. Endelea."

Sikuwa na la kuendelea nalo, kwa hiyo nikatoa nafasi kwa wajumbe, jambo ambalo nalimudu vizuri sana. Mzee mmoja akasema tatizo ni maadili, vijana siku hizi wanavaa suruali. Mwingine akasema tatizo ni mabomba ya maji, yametengenezwa kwa madini ya risasi na yanatutia sumu.

Bomba lililopita ukutani likakohoa.

"Kila mkikosa wa kumlaumu mnanigeukia mimi," likasema. "Maji mnayoyaoga ameleta nani?"

Nikaliomba radhi kwa niaba ya dola nzima. Likasema radhi halina kazi nayo, linachotaka ni mtu aje alikaze pale kwenye kiungo panapovuja, na spana ile pale mlangoni. Niliitazama spana. Ilikuwa karibu kabisa. Nikaunda kamati ndogo.

"Sawa," likasema bomba.

Mwili ukanisisimka, sikujua kwa nini. Seneti wakapiga makofi.

"Inuka twende ukazione," bata bukini ananiambia.

"Nikaone nini?"

"Nguvu zenyewe. Unazitawala na hujawahi kuziona?"

Tunateremka ngazi za ofisi, na ngazi ya mwisho iko mpakani. Mbele yetu kuna mto mpana na ukungu. Nguvu za Rumi ni kamba. Ni kamba ya katani, nene kama paja, imezungushwa dola nzima kama kamba ya kufungia mzigo kwenye baiskeli. Nilikuwa nimetarajia kitu cha shaba.

"Shikamoo, Kaisari," inasema kamba.

"Marahaba," naitikia, ingawa inanizidi umri kwa karne kadhaa. Madaraka yakikukolea unaitikia tu. "Unajisikiaje?"

"Nimelegea."

Pembeni kuna jiwe limechongwa sheria: Mshika kamba asikae chini, akikaa amepoteza. Sheria hiyo naijua, ndiyo hiyohiyo ya kwetu, waamuzi huipigia kelele kila mechi. Nikauliza wenye kamba yao wako wapi. Bata akanyoosha bawa. Kulikuwa na bafu kubwa lenye maji ya moto, mvuke unapanda, na Warumi walikuwa wanaingia mmoja mmoja.

Kila aliyekaa, jimbo moja liliondoka. Nilimwona mzee mnene akijishusha taratibu, akasema "aaah", na Uingereza ikaondoka.

"Mzee, simama!" nikapiga kelele.

"Nimekaa kidogo tu, mwanangu. Kamba si ina watu?" Akajigeuza asuguliwe mgongo, tukapoteza Kartago.

"Basi nani ameshika kamba sasa hivi?" nikamuuliza bata.

"Uliowakodi."

Wale pale, Wagoti kutoka ng'ambo ya mto, warefu, wamevaa ngozi za wanyama juu ya kanga. Anayewaongoza ni Bi Tabu. Ana simu sikioni na mkono mmoja kwenye kamba.

"Nitakupigia," anaiambia simu, kisha ananigeukia. "Kaisari, tuliahidiwa ngano."

"Mkapewa nini?"

Ananionyesha sahani. Katikati ya sahani ameketi mbwa, mzima, amefungwa leso shingoni.

"Hata mimi naona aibu," anasema mbwa.

"Ni hali ya mpito," nawaambia wote wawili.

Lakini hapo nikakumbuka makande. Mamluki wangu nilikuwa nimewaahidi pilau. Juzi baada ya mazoezi walikula makande yaliyolala, nikawaambia pilau iko njiani, nikaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli nyingi.

"Swali moja tu," anasema Bi Tabu. "Tunavuta kuelekea wapi?"

"Upande wetu."

"Upande wetu ni upi?"

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Dubu wa kwenye shuka nao wakatazama. Kulikuwa na ukungu pande zote mbili na sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikanyoosha kidole mahali fulani katikati.

Wagoti wakashauriana kwa sauti ya chini, bila hasira. Kisha wakaweka kamba chini, wakavuka mto, wakaenda kuishika ule mwisho wa pili.

"Hatuna ugomvi na wewe," Bi Tabu akaniambia akipita. "Ila huku kuna pilau." Mbwa akawafuata na sahani yake.

Sijapona hilo, akatokea kaka yangu Kaisari wa Mashariki, mwenye nusu ya pili ya dola. Katika maisha ya kawaida sina kaka. Alikuwa na mkasi wa fundi cherehani, akapima kwa macho, akakata kipande kirefu cha kamba na kukiweka begani.

"Nitakutunzia," akasema.

"Mpaka lini?"

"Miaka elfu moja hivi."

Akaondoka bila kuaga vizuri, kama ndugu wanavyoondoka baada ya msiba.

Kamba iliyobaki ikaanza kukimbia. Ilikwenda ardhini kwa kasi, ikikwaruza, ikielekea kwa Wagoti, na kila ilipopita nguzo zilianguka. Sanamu yangu, ambayo sikujua hata kama nimechongewa, iliteremka kwenye kiti chake ikaenda kujiunga na wenzake bafuni. Hapo niliogopa kweli. Nilitaka kuidaka kamba lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika shuka. Likidondoka Rumi nzima itaona, na mimi ni mtu wa heshima zangu. Kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nikasimama pembeni nikapiga kelele, "Vuteni! Vuteni!"

Hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

Kisha kamba ikakaza. Tii! Ikasimama.

"Mbona umesimama?" nikaiuliza.

"Kuna mtu bado ameshika," ikasema.

"Nani? Wote wako bafuni."

"Nifuate."

Naifuata. Inapita bafuni juu ya vichwa vya Warumi, nao wanainama kidogo bila kuacha mazungumzo yao. Inapita sokoni kwetu, kwenye meza za dagaa. Inapita ofisi ya mtaa, ambako kamati ndogo ya bomba inakunywa soda, maji yamewafika magotini. Inazunguka mwembe wa jirani, inaingia dirishani, na dirisha ni la jiko langu.

Mama Semeni amejifunga kamba kiunoni. Amevaa lile gauni lake la kazi, kichwani kilemba, visigino vimezama kwenye sakafu ya saruji mpaka imepasuka. Ameshikilia dola ya Rumi peke yake, na jikoni kuna sufuria ya chai inayochemka. Upande wa pili wanavuta Wagoti, wanavuta Waajemi, na timu nzima ya Relini iko nao katika jezi mpya.

"Mama Semeni," nikasema, "si nilikuambia upumzike?"

Hakugeuka. Nikadhani ndiyo basi, hata ndotoni amenigomea.

"Nikiachia," akasema, "atashika nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake tangu Jumanne, na nilifurahi kupita kiasi, nikajibu upesi bila kufikiri.

"Nimeunda kamati ndogo."

Bata bukini akafunika uso kwa bawa.

"Mimi ni Kaisari," nikaongeza, kwa sauti iliyokwenda ikipungua.

"Baba Semeni," akasema mke wangu, jasho linamtiririka puani, "shika kamba."

Nikaona haya mpaka nikataka kulia. Miaka yote nimeongoza timu ya kamba kwa filimbi. Nimesimama pembeni na kofia yangu, nimepiga picha na mbuzi, nimetoa hotuba za ushindi zilizowachosha watu kuliko mechi yenyewe. Kamba sijawahi kuishika. Sikujua hata kama inachoma.

Nikaachia shuka. Likadondoka, nikabaki na bukta yenye kiraka na taji la mchicha. Rumi nzima ikaona. Mvuke uliinuka bafuni, mtu mmoja akacheka, basi, hakuna zaidi lililotokea. Nikasimama nyuma ya mke wangu nikashika.

Inachoma.

"Moja," nikaanza, "mbili..."

"Usihesabu. Vuta."

Tukavuta. Nisiwadanganye, Rumi haikurudi. Uingereza haikurudi, Kartago haikurudi, na kaka yangu wa Mashariki hakuonekana tena. Lakini kamba haikukimbia tena hata inchi moja. Nilikuwa nahema kama mbwa wa Wagoti, na kila niliposikia magoti yanataka kukunjika niliutazama mgongo wa Mama Semeni, ambao haukutikisika, nikajua kwa nini tumekula mbuzi miaka yote.

"Watu wataandika kwamba ilianguka," bata akasema akiwa dirishani.

"Kwani haikuanguka?"

"Iliachiwa. Mmoja mmoja, kila mtu akijua mwenzake ameshika." Kisha akaruka, kwa sababu chai ilikuwa inamwagika.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia sebuleni, shuka liko sakafuni, kitabu kimelala uso chini. Simu ilikuwa na ujumbe wa Bi Tabu: "Mwenyekiti hatuna ugomvi na wewe. Relini wamepika pilau."

Ningependa kusema nilikuwa nimeamua kuwarudisha kina Mama Semeni kabla ya kusoma ujumbe ule. Niliamua baada ya kuusoma, kisha nikaketi kidogo kujiaminisha kwamba niliamua kabla. Nikainuka, nikaelekea jikoni nikiwa na hotuba kichwani. Ilianza na neno "ndugu zangu", ingawa huko ndani kulikuwa na mtu mmoja.

Mama Semeni alikuwa kwenye kigoda, chupa ya mafuta ya nazi iko miguuni. Alikuwa anajipaka viganjani, taratibu, kama anavyofanya siku zote baada ya mechi. Viganja vilikuwa vyekundu, vina mchubuko uliokatisha kutoka upande hadi upande, na kwenye kilemba kulikuwa na nyuzi za katani.

Timu haijafanya mazoezi tangu Jumanne, isipokuwa mamluki. Kamba imefungiwa ofisini, na ufunguo ninao mimi, mfukoni mwa bukta.

Hotuba ikanitoka kichwani yote. Nilitaka kusema nisamehe, nikasema, "Mama Semeni, ile kamba." Aliitazama mikono yangu, niliyokuwa bado sijaitazama mwenyewe, kisha akaisukuma chupa ya mafuta kwa mguu mpaka ikafika pale niliposimama.

"Jipake na wewe," akasema. "Na siku nyingine uwahi."