Mukwa Kwenye Msumari

Hiyo Jumamosi nilikuwa na habari tamu sana, hata nilikataa kuituma kwa simu. Nimepata kazi! Kazi ya maabara, kwa kliniki moja huko Katelembo, na mtu wa kwanza kuambiwa lazima angekuwa Susu. Susu ni nyanya yangu, mama ya baba, na ndiye ameombea hiyo kazi tangu nimalize chuo. Nikatoka kwa kachumba kangu Mumbuni bila hata chai, nikafika kwetu Mitaboni nikicheka peke yangu njiani.

Kiti chake kilikuwa nje, kwa kivuli cha jikoni, na hakuna mtu. Mama alikuwa anafua nyuma ya nyumba, akidhani Susu amelala. Nikaingia chumbani na kelele zangu zote. Blanketi imekunjwa. Dawa za presha za asubuhi bado ziko kwa kisahani.

Susu amekuwa akisahau. Alianza na majina ya majirani, halafu siku moja akamuuliza Mama ameolewa wapi, na Mama amempikia miaka yote. Kitu moja tu hajasahau ni kushukuru. Na si chakula peke yake. Anashukuru kwa chumvi. Anashukuru kiberiti ikiwaka. Kuku ikitoka kwa nyumba yenyewe bila kufukuzwa, utamsikia: "Ni muvea, Ngai." Asante, Mungu. Marafiki zangu wa chuo walipokuja kututembelea, alishukuru kwa viatu vya kila mmoja, na mpaka leo wakiniona wanaangalia kwanza miguu yangu.

Sasa, mtu kama huyo akipotea, unamtafuta wapi? Kila mtu alisema kanisani. Si ndiyo? Amechanganya siku, ameona ni Jumapili, ameenda kuabudu. Baba akachukua bodaboda mpaka kanisa letu. Mama akakimbia kwa Wakatoliki, labda aliona mlango uko wazi akaingia tu. Mimi nikaangalia hata ile ya mabati kando ya soko, ya wale wa ngoma. Hakuna. Mama mmoja wa mboga akasema alimwona mapema, mwingine akasema huyo alikuwa mtu mwingine.

Jua la Septemba mnalijua. Mzee wa presha, bila dawa, bila kitu tumboni, kwa hilo jua. Mchana ukapita. Mimi ni mtu wa maabara, najua mwili ukikauka unaenda hivi na hivi, na nilitamani nisijue.

Pastor Josphat wa kanisa letu akaacha mazoezi ya kwaya, akatukusanya ndani, akaomba. Akaomba kwa kirefu, vizuri, na mimi sikuweza kufunga macho. Nikatoka nje nikasimama kwa ukuta. Nikamwambia Mungu, kama uko, sema kitu. Usiniimbie kwaya. Sema tu yuko wapi. Nikangoja kweli, na nikasikia mashine ya kusaga mahindi ikinguruma huko sokoni. Basi. Ile habari yangu bado nilikuwa nayo, sijaambia mtu.

Baba alipotoka, uso wake ulikuwa umezeeka. "Mwaitu, rudi nyumbani," akaniambia. "Akirudi apate mtu."

Nikarudi. Nikakaa jikoni kwa kigoda chake, nikalia mpaka nikachoka, nikabaki nikiangalia ukuta tu. Na ukutani kulikuwa na msumari, na chini ya msumari alama safi, ndefu, mahali moshi haujawahi kufika.

Mukwa haukuwa hapo.

Mukwa ni ule ukanda wa ngozi wa kubebea maji. Unafunga mtungi mgongoni, ukanda unapita kwa paji la uso. Tangu tuletewe mfereji hakuna mtu anautumia, umening'inia tu. Nikaangalia chini ya meza, na kale kamtungi kadogo hakako. Sisi tulikuwa tunamtafuta kwa madhabahu na yeye alikuwa ameenda kuteka maji.

Nikampigia Baba nikikimbia. Mto wetu hauna maji wakati huu, ni mchanga, na zamani wanawake walikuwa wanachimba na kibuyu mpaka maji yachujike. Lakini siku hizi malori yamebeba mchanga, yameacha mashimo mtu anaweza kuingia asionekane. Kwa ukingo wa shimo moja nikaona ndara yake. Ndara moja. Sitawadanganya, nilisimama hapo nikaogopa kuchungulia. Nilipochungulia, hakukuwa na kitu.

Nikafuata alama za mguu mtupu mpaka kwa kona, na hapo nikaona miiba imepangwa mviringo, vile wanawake wa zamani walikuwa wanafanya ili mbuzi zisichafue maji. Ndani Susu ameketi mchangani, miguu imenyooka, midomo imepasuka, vidole vina damu. Mbele yake kuna maji ya kujaa sahani.

Akaniangalia vile unaangalia mtu wa kuuza sabuni. "Wewe ni wa nani?"

"Ni mimi, Susu. Ni Munyiva."

Akacheka. "Munyiva ni mimi."

Na ni ukweli. Nilipewa jina lake, ndiyo maana Baba huniita Mwaitu, mama yangu. Akanisongezea kibuyu.

"Kunywa. Tumekungoja sana."

Nikamuuliza yeye na nani. Alinishangaa, akanitazama kwa huruma, kama nimeuliza jua ni la nani. Halafu akainama kwa kale kashimo. "Ni muvea, Ngai. Amefika."

Nikamnywesha yeye kwanza, kidogo kidogo. Na kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusema, nikamwambia nimepata kazi. Akafunga macho hapo hapo. "Ni muvea, Ngai, kwa kazi ya huyu mtoto wa watu."

Mtoto wa watu. Nililia mpaka Baba akafika.

Baba alimbeba mgongoni. Mimi nikabeba kamtungi na mukwa, na ule ukanda unauma paji la uso, hamjui. Njia yote Susu alikuwa anashukuru: kwa mti, kwa jiwe, kwa mgongo wa huyu mwanaume mwema, yaani mtoto wake. Mahali alinyamaza, nilianza kusema mimi, polepole, nikaona nina vitu vingi.

Daktari amesema hatarudi vile alikuwa. Ataenda tena. Mama alitaka kuchoma mukwa na Baba akakubali. Nikawaomba wasiuchome. Nimeurudisha kwa msumari, na msumari nimeushusha kidogo, mahali mkono wake unafika bila taabu. Siku tukikuta msumari mtupu, tutajua pa kukimbilia.