Vitu vya Aida

Kitambaa cha zambarau kilikuwa kimekunjwa kama leso. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla sijajua kwamba kuna kitu kimepotea. Babu hukunja vitambaa vyake vya kufungia vitu kwa mraba mdogo, kona juu ya kona, mpaka kila kimoja kinakaa kama kipande cha mkate. Hiki kilikuwa kimekunjwa kwa urefu, mara mbili, kisha nusu, pindo likaelekea ndani. Hivyo ndivyo mama yangu anavyokunja leso kule Kiminini. Mjapani hakunji hivyo. Na katika nyumba ile ya ghorofa ya sita, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, Wakenya tulioingia tulikuwa wawili tu: mimi na Harun dereva.

Nilikikunjua, nikakikunja upya kwa mraba, nikakirudisha kwenye droo ya Babu. Nilijua mtu mwingine akikiona hatasema ni mkono wa Harun. Harun hubaki chini na gari. Anayeshinda ndani ni mimi.

Babu ni baba yake Bwana, mwajiri wangu, na Bwana ni mhandisi wa gesi. Mkewe Babu alipofariki kule Japani, Bwana na Madam walimleta Doha ili asikae peke yake. Alikuja na sanduku moja la nguo na sanduku moja la vitu vya Aida. Vitu hivyo alivipanga mwenyewe kwenye kabati la kioo chumbani mwake: filimbi, kofia, kitambaa cha kuvaa mkononi chenye maandishi, bendera ya njano, bendera ya buluu, na picha za magari yaliyolala chini kama mijusi. Kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi la kioo. Ndani alipangusa yeye.

Aida ni kwao, milimani. Kiingereza cha Babu ni cha kuokota, na changu ni cha mtu aliyeacha shule darasa la sita, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alinieleza kwamba juu ya milima ile, mahali penye mianzi na mashamba ya mpunga, tajiri mmoja alijenga uwanja wa mbio za magari. Magari makubwa ya dunia nzima, yale ya Formula One, yalikwenda huko mara mbili tu, miaka ya tisini, mimi sijazaliwa. Barabara zilikuwa nyembamba, watu wakapandishwa kwa mabasi. Babu alisimama kwenye kona akipeperusha bendera. Kisha magari hayakurudi tena.

"Now nobody know," aliniambia. Sasa hakuna anayejua.

Nilimwambia Harun habari hiyo siku moja akinisaidia kupandisha maji ya kunywa.

"Aida?" akasema. "Loice, mimi naendesha watu wa magari kila mwaka. Kukiwa na mbio kule uwanja wa Lusail nawabeba mpaka nachoka. Japani ni Suzuka. Wenyewe wanasema Suzuka, Suzuka. Aida sijapata kuisikia."

"Ana bendera."

"Bendera hata mimi naweza kushona." Akacheka. Harun ni mtu wa Likoni, kila kitu kwake ni mzaha. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza polepole, "Vitu vya kale kama vile, watu huvinunua?"

Nikayabeba maji nikaingia ndani. Lakini neno lile lilibaki kichwani mwangu kama mwiba wa samaki.

Kila Alhamisi alasiri Harun alimpeleka Babu kupunga hewa Al Wakrah, kwenye bandari. Madam alipenda hivyo, kwa sababu saa hizo yeye yuko nje akifundisha watoto piano. Siku ile ya kitambaa ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilipomaliza na droo nikatazama kabati. Filimbi haikuwepo. Mahali pake palikuwa na duara safi na vumbi pembeni.

Nilijaribu kujituliza. Labda Babu ameiweka kwingine. Lakini wiki iliyofuata, baada ya Alhamisi, kofia nayo ikaondoka. Na ndani ya droo, kitambaa cha kijani kilikuwa kimekunjwa kama leso.

Hapo nikafanya jambo ambalo kila dada wa kazi analijua. Ukikuta kikombe kimevunjika na hukukivunja, unavisogeza vilivyobaki ili pengo lisionekane, angalau mpaka ujue la kusema. Nilifungua kabati, nikazisogeza picha, nikaivuta bendera ya buluu katikati, nikapangusa yale maduara ya vumbi. Kabati likaonekana limejaa. Nilirudi nyuma kulitazama, nikaona nimelipanga vizuri kabisa, kama mtu anayeficha wizi.

Ijumaa hiyo, siku ya mapumziko ya Doha, nikaenda kanisani Mesaimeer. Baada ya ibada tulikaa kivulini na Roselyne, tuliyesafiri naye ndege moja. Yeye hufanya usafi hotelini na mdomo wake hauogopi mtu. Nikamweleza.

"Huyo Harun anauza," akasema kabla sijamaliza. "Anampeleka mzee baharini, mzee analala kwa gari, yeye anauza. Na hiyo vitambaa ni ya kubebea."

"Labda."

"Labda nini? Wewe Loice, utanyamaza hivyo hivyo mpaka wakuweke kwa ndege na jina la mwizi. Na kwa agency iliyotuleta jina hilo halifutiki. Ongea kwanza. Nenda kwa Madam, sema Harun."

"Sijamwona akichukua."

"Na wewe wamekuona ukichukua? Watangoja kukuona?" Akanisukuma bega. "Haki hii aibu yako itakuuza siku moja."

Nilirudi nyumbani nimeamua kusema. Madam alikuwa jikoni, akanitabasamia, akaniuliza kanisa lilikuwaje. Nikasema lilikuwa zuri. Basi.

Alhamisi iliyofuata nikajifanya nambebea Babu chupa yake ya chai mpaka chini. Ndani ya lifti Babu alikuwa na koti mkononi, ingawa joto la nje lingeweza kupika yai, na chini ya koti palikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Hakunitazama. Alitazama namba za lifti zikishuka, kama mtoto aliyeficha kitu mdomoni. Kwa hiyo wako pamoja, niliwaza. Au Harun amemdanganya mzee atoe vitu vyake mwenyewe.

Harun alimfungulia Babu mlango, akamfunga mkanda, kisha akaja upande wangu kuchukua chupa.

"Kile kitu kirefu ni nini?" nikamuuliza.

"Kitu kipi?"

"Harun, usinifanye mjinga. Filimbi iko wapi? Kofia iko wapi?"

Akaangalia kioo cha gari, Babu alikuwa akituangalia. "Dada Loice, ya mzee muachie mzee."

"Vikiulizwa nitaulizwa mimi."

"Hutaulizwa."

"Wewe ndiye utakayejibu?"

Akaipokea chupa bila kutania. Mtu wa mzaha kama Harun akikosa mzaha, hapo pana jambo. "Nimepewa amana ya kutosema," akasema. "Isingekuwa hivyo ningekwambia wewe wa kwanza. Lishike neno langu hili, wallahi, hakuna aliyeibiwa."

Wakaondoka. Nilisimama pale chini kwenye maegesho nikisema moyoni: mwizi yeyote angeapa hivyo hivyo.

Nilipopanda juu, viatu vya Madam vilikuwa mlangoni. Alikuwa amerudi mapema, mwanafunzi wake anaumwa. Nilimkuta chumbani kwa Babu, amesimama mbele ya kabati lililo wazi. Bendera ya njano haikuwepo.

"Loice," akasema, sauti yake tamu kama siku zote. "Nani amepanga hivi?"

"Mimi, Madam."

"Kwa nini?"

Maneno yote ya Kiingereza niliyokuwa nayo yakakimbia. Ningesema Harun. Jina lilikuwa kwenye ulimi. Lakini nilikumbuka Babu katika lifti na koti lake, nikaona kwamba nikisema Harun ninamtaja na Babu, na mimi sijui wamefanya nini. Nikatazama zulia.

"Sawa," akasema Madam. "Nenda kapike."

Nilikwenda jikoni nikaosha mchele. Nikauosha tena. Nilisikia mlango wa chumba changu ukifunguliwa, ule ulioko nyuma ya mashine ya kufulia, ambao hulia ukisukumwa. Nikasikia zipu ya begi langu. Naijua sauti yake, huwa inakwama katikati, na ikakwama katikati. Kisha godoro likanyanyuliwa, likaangushwa. Niliendelea kuosha mchele mpaka maji yakawa safi kama ya kunywa.

Madam alitoka, akapita nyuma yangu, akakaa sebuleni na simu mkononi. Nilijua hiyo simu ikienda kwa agency, imekwisha. Hakupiga bado. Alikuwa anamngoja Bwana, au alikuwa anatafuta namba. Mimi nilihesabu nguo zangu zilizo kwenye kamba, ili nikiambiwa nifungashe nisisahau.

Aliyeingia kwanza hakuwa Bwana. Alikuwa Babu, anatembea taratibu, na Harun nyuma yake akiwa amebeba kile kitambaa cheupe, kitupu, kimekunjwa kama leso. Madam alikiona. Aliinuka. Akasema kitu kwa Kijapani, kifupi, akanyoosha kidole kwenye kitambaa, kisha jikoni kwangu.

Babu alinitazama. Alitazama mlango wa chumba changu, ambao Madam aliuacha wazi, na godoro lililokaa upande. Sijawahi kumsikia Babu akipaza sauti. Siku ile alipaza. Aliongea muda mrefu amesimama, mkono umeshika ukuta, na katikati ya Kijapani chake nililitambua neno moja, Aida, likirudi na kurudi. Madam alikaa chini. Akaweka mkono mdomoni. Akaanza kulia bila sauti.

Harun aliingia jikoni, akafunga mlango.

"Anagawa," akaniambia. "Anagawa vitu vyake kabla hajafa. Kwao mzee akianza kugawa, watoto hushtuka, wanajua anajiandaa. Akaniomba nisiseme kwa mwanawe wala kwa mkaza mwana."

"Anampa nani?"

"Yuko Mganda mmoja, Paul, mlinzi wa hoteli pale Al Wakrah. Mbio zikiwepo hujitolea Lusail, kusimama kwenye kona na bendera. Tulimkuta bandarini siku moja. Babu akataja Aida, mimi nikacheka kama kawaida yangu. Paul hakucheka. Akasema, Aida, ile ya milimani, nimeona mbio zake kwenye simu, baada ya kona kuna mteremko. Loice, ungemuona mzee! Alimshika Paul mkono hakumwachia. Tangu aje Doha ndiye mtu wa kwanza kuijua."

"Na vitambaa?"

"Huko kwao mzee ukipewa kitu kimefungwa, kitambaa hurudi kwa mwenyewe. Ndiyo adabu. Paul ananipa, nami nakikunja narudisha." Akatazama kile kitambaa mkononi. "Nimekikunja vibaya?"

"Umekikunja kama leso."

Akapiga paji la uso. "Ee Mola. Mama kanizoesha vibaya."

Nikacheka kidogo, ingawa sikutaka. "Na ulivyouliza kama watu huvinunua?"

"Mzee alikuwa ameshaniambia ana vitu vya kale vya kugawa; nilitaka kujua ni vya thamani gani, nisimwache agawe mali akiwa hajui. Akaniambia anajua." Akainamisha kichwa. "Leo ametoa bendera ya njano. Anasema mbio zikiisha, madereva hupunguza mwendo, wakipita kwenye kila kona wanainua mkono kuwashukuru wenye bendera. Mmoja alimwinulia yeye. Dereva yule hakulijua jina la mzee wala hatalijua. Anasema mkono ule ndio aliokuwa anautunza, si bendera."

Nilitazama mchele uliokuwa motoni, umekauka maji, nikaongeza.

Jioni Bwana alirudi. Walikaa watatu chumbani kwa Babu, mlango umefungwa, na walipotoka macho ya Bwana yalikuwa mekundu. Babu alikula vizuri. Aliniomba aongezwe mchele. Nilirudisha godoro langu mahali pake, nikakunja upya nguo zilizokuwa kwenye begi. Hakuna aliyeniambia lolote.

Asubuhi Madam alikuja jikoni mapema, hajachana nywele. Alikuwa ameninunulia keki ndogo ndani ya boksi lenye utepe. Akaiweka mezani kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Jana kulikuwa na kutoelewana," akasema. "Babu ametueleza. Sasa yameisha. Yameisha, Loice, sivyo?"

Alikuwa anatabasamu, na alitaka nitabasamu. Katika nyumba ile mimi nilikuwa na jibu moja kwa kila swali, ndiyo Madam, na lilikuwa tayari mdomoni. Nikaona kwamba nikilitoa, nitabaki mtu ambaye Babu alimsafisha. Siku Babu hayupo na kijiko kikapotea, begi langu litafunguliwa tena, na zipu itakwama palepale.

Nikazima jiko ili anisikie vizuri. Niliongea Kiingereza changu cha darasa la sita, neno moja moja, nikimtazama usoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nifike Doha.

"Hapana, Madam. Ulifungua begi langu, na hukuniuliza kama nimeiba. Hata leo hujaniuliza. Mimi sikuiba."